Vidole Vile Vile, Sauti Nyingine

Msomaji, mtu anayebadili sauti yake kila anapobadili baraza, je, ni mwenye hekima au ni mnafiki? Swali hili ni la kale, lakini mimi nililitazama upya kwa sababu ya tarumbeta.

Matarumbeta si ya namna moja. Ile ya B-flati, ambayo wanafunzi wengi huanza nayo, ina bomba la urefu wa karibu sentimita 148 kama likinyoshwa. Ile ya C ina bomba fupi zaidi, karibu sentimita 131. Zote zina vali tatu, na vidole hubonyeza kwa namna ile ile. Lakini bomba fupi hulia juu: noti ile ile iliyoandikwa hutoka toni moja nzima juu katika tarumbeta ya C kuliko katika ile ya B-flati.

Siku moja hapa Wamagana, arusini, nilichukua tarumbeta ya C nikasoma karatasi iliyoandikwa kwa ajili ya B-flati. Mara sauti zikagombana. Nilitazama karatasi, nikaona sikukosea. Nilitazama vidole, navyo havikukosea. Basi nikamgeukia kijana aliyepiga kando yangu, nikamkemea mbele ya watu. Aliweka tarumbeta yake magotini, akanyamaza. Wimbo ulipokwisha, mzee mmoja wa kwaya akaniambia kwa upole, "Mwalimu, mtoto alikuwa pamoja nasi. Uliyekuwa peke yako ni wewe." Nilimwomba kijana yule radhi mbele ya watu wale wale, maana kosa la hadharani haliponywi faraghani.

Tangu siku hiyo nilijizoeza upya. Mpigaji anayehama chombo huvumisha kwanza moyoni sauti anayoitaka, ndipo apulize. Na akiwa na karatasi ya B-flati mbele ya tarumbeta ya C, hushusha kila noti toni moja. Vidole vyake hubadilika ili wimbo usibadilike.

Wahenga walisema, "Ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho." Je, tuwafuate? Jicho likifumbwa hufumbuka tena, bali likivunjwa halirudi. Mwimbaji wa do-re-mi anajua kipimo cha jambo hili. Do yake hupanda au hushuka kwa kadiri ya koo za waimbaji, lakini umbali baina ya do na mi haubadiliki, na kila asikiaye huutambua wimbo.

Nawe ni vivyo hivyo. Kwa nyanya yako hunena Kikuyu, taratibu na kwa heshima. Sokoni Nyeri hunena Kiswahili. Darasani hujibu kwa Kiingereza. Huo si unafiki, maana umehamisha do tu. Lakini ukimwambia nyanya kwamba ulishinda shuleni, na wenzako ukawaambia kwamba ulitoroka, hapo umebadili wimbo wenyewe, na jicho limevunjika.

Kwa hiyo, mwanafunzi, uingiapo katika kundi lolote, sikiliza kabla ya kupuliza. Na siku utakapojiona u sahihi kwa kila kipimo ulichonacho mkononi, huku wote wakikuona umekosea, usiharakishe kumkemea aliye mdogo kuliko wewe. Tazama kwanza ni chombo gani ulichokishika.