Kidole Hicho, Kiondoe!

Kijana, simama! Wewe uliyezaliwa Muscat, wewe unayesoma Cairo, wewe unayetafuta riziki Amman: kidole chako kiko juu ya kitufe cha kutuma, na unajua fika hiyo klipu hujaihakiki. Hukuuliza nani kaipiga, hukuuliza wapi, hukuuliza lini. Unajiambia utaangalia baadaye. Baadaye ipi?

Kumbuka Novemba 2014! Mvulana wa Syria anaanguka kama aliyepigwa risasi, ananyanyuka, anamshika mkono binti mdogo na kukimbia naye. Mamilioni walitazama, wakalia, wakasambaza. Kumbe klipu hiyo ilipigwa Malta! Watoto ni waigizaji, risasi ni za filamu, na mwongozaji, Lars Klevberg wa Norway, akajitokeza kukiri. Aliyeumia ni nani? Ni mtoto wa kweli wa Aleppo, ambaye mkanda wake wa kweli ukija, muuaji wake atasema na huo ni maigizo!

Wala usidhani uongo huishia kwenye machozi. Tarehe 24 Mei 2017 tovuti ya Shirika la Habari la Qatar ilidukuliwa, ukabandikwa usemi wa kubuni wa Amiri Tamim. Qatar ikakanusha, vituo vya jirani vikaendelea kuusoma. Tarehe 5 Juni, Saudia, Emirati, Bahrain na Misri zikakata uhusiano. Mipaka ikafungwa, ndugu wakatengana, mpaka Januari 2021! Ugomvi ulikuwapo zamani, sikatai. Lakini kuni kavu zinangoja njiti tu.

Au unaliamini gazeti kwa kuwa ni la serikali? Mwaka 2010 Al-Ahram la Misri lilichapa picha ya Ikulu ya Marekani, Hosni Mubarak akiwa mbele ya Obama. Katika picha halisi yuko nyuma, pembeni! Mwanablogu Mmisri aliziweka picha mbili pamoja, yakaonekana.

Amri unayo. Aya ya sita ya Surat al-Hujurat uliihifadhi ungali madrasa: ukiletewa habari na mpotovu, hakikisha kwanza, usije ukadhuru watu bila kujua. Fatabyyano, jukwaa la kuhakiki habari lililoanzia Jordan, lilitwaa jina lake humo humo. Udhuru wako uko wapi?

Basi itafute picha hiyo mtandaoni uone ilianza kutoka lini. Soma mabango ya barabarani, sikiliza lafudhi, tazama vivuli. Huna uhakika? Usitume!

Na ile uliyotuma jana, ukaja kujua ni ya uongo, ukanyamaza? Rudi! Rudi kwenye kundi lile lile. Wamo shangazi zako, wamo wajomba zako, yumo na bibi aliyeifikisha Zanzibar na Mombasa kwa sababu tu imetoka kwako. Andika mbele yao wote: niliyowatumia si kweli. Sasa hivi, kabla hujafungua nyingine!