Ujira wa Mlezi u Juu ya Nani?

Mwanamke auzaye mboga sokoni Kongowea hutoka nyumbani kabla ya alfajiri, kwani malori hayamngoji mtu, na mwenye kuchelewa hununua masazo. Mwanawe wa mwaka mmoja atamwacha na nani? Akimbeba mgongoni, atashinda naye juani. Akimwacha na dadake wa miaka tisa, basi binti huyo siku hiyo hana skuli. Akimpeleka kwa jirani aleaye watoto 15 katika chumba kimoja, hana budi kumlipa, na malipo hayo, ijapokuwa ni machache, humla faida yake ya siku. Na akikosa yote haya haendi sokoni, na jioni nyumba hiyo haipiki.

Twauliza basi: ujira wa yule mlezi u juu ya nani?

Wengi hujibu upesi kwamba ni juu ya mama, kwa kuwa yeye ndiye atakaye kwenda kazini. Tumeyasikia maneno haya barazani, na baadhi ya wayasemao ni waume ambao chakula chao cha mchana kimenunuliwa kwa fedha za kazi hiyo hiyo. Lau wangeizingatia aya ya 233 ya Suratul Baqara, wangeona kuwa chakula na nguo za mama anyonyeshaye zimewekwa juu ya baba kwa kadiri ya uwezo wake. Na kwamba mtoto akitakiwa anyonyeshwe na mwanamke mwengine hapana ubaya, maadamu mwanamke huyo apewe haki yake kwa wema. Mtume wetu (S.A.W.) mwenyewe alinyonyeshwa na kulelewa na Bibi Halima. Basi kumkabidhi mtoto kwa mlezi si uzushi wa zama hizi, wala kumlipa mlezi si hisani. Ni deni, na mdaiwa wa kwanza ni baba.

Yuko atakayesema: mama na akae nyumbani alee. Na akae, ikiwa yuko wa kumlisha! Lakini mjane, na aliyeachwa, na ambaye mumewe hana kazi tangu mwaka jana, maneno hayo hayawapikii uji. Na yule aliyeajiriwa, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa miezi mitatu ya uzazi kwa mshahara kamili. Mtoto wa miezi mitatu hajui hata kukaa. Muuza mboga naye hana hata hiyo mitatu.

Katika mtaa wa Korogocho, Nairobi, wataalamu waliwapa baadhi ya akina mama vocha za kulipia malezi ya watoto wao, wengine wasipewe, kisha wakalinganisha. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kuwa waliopewa walizidi wenzao katika kupata kazi kwa kiasi cha 8.5 katika kila mia, na wengi wa waliozidi walikuwa wenye waume. Ama akina mama wasio na waume, hawa hawakuzidisha saa za kazi. Walihamia kazi za saa chache zaidi, na mapato yao yasipungue. Hili la pili ndilo lililotugusa zaidi. Mama hawa walikuwa wakifanya kazi tangu mwanzo, kwani nani angewafanyia? Walichokikosa ni nafasi ya kuchagua.

Faida haiishii kwa mama. Mlezi mmoja aleaye watoto watano hufungua mikono ya akina mama watano. Mwenye kiwanda humpata mfanyakazi asiyekosa kila mtoto ahomapo. Na muuza unga wa mtaani huuza. Wote hawa huvuna kwa jasho la mlezi, na wengi wao hawamjui hata jina.

Na hapa pana hatari. Malezi yaweza kuwa rahisi kwa kumpunja mlezi. Naye apunjwapo hujaza chumba ili chungu chake kichemke, na watoto hulazwa mchana kutwa bila ya kusemeshwa. Urahisi wa namna hiyo ni dhulma iliyohamishwa kutoka kwa mwanamke mmoja hadi kwa mwengine. Urahisi wa haki ni mzigo kushikwa na wengi: baba kwanza, kisha mwajiri, kisha serikali ya kaunti, na sisi watu wa msikiti, kwani kumhifadhi mtoto asiye na wa kumtazama ni faradhi ya kifaya, na mtaa mzima ukinyamaza, mtaa mzima una dhambi.

Tangu miaka ya 1980 hapa Mombasa yako madarasa ya chekechea ndani ya madrasa, na kheri yake twaiona. Lakini hayo ni ya watoto waliokwisha kuanza kusema na kukimbia. Wachanga hawana mahali. Na madrasa zetu za alasiri asubuhi yote hufungwa kwa kufuli. Tuliposema haya katika darsa, mzee mmoja aliuliza ni nani atakayelipia maji ya kuoshea nepi. Ni suali la maana. Tumewaomba wenye kuangalia wakfu wa msikiti watupe hesabu ya maji ya mwezi mmoja, na wakitupa tutaichapisha hapa.