Ushabiki na Ushahidi

Swali tunalotaka kulitazama hapa ni dogo kwa sura, na huenda baadhi ya walimu wakaliona halistahili wino. Ni hili: je, mtu aliyeipa timu moja moyo wake aweza kusema kweli juu ya mchezaji wa timu nyingine? Na kama aweza, je, yampasa kuisema hata pale ambapo kweli hiyo itawaudhi wenzake anaoketi nao kibarazani?

Swali hili lilitufika Mwese, katika nyanda za juu za Mkoa wa Katavi, mahali ambapo mpira wa Dar es Salaam hufika kama mwangwi ufikavyo bondeni. Kutoka hapa hadi viwanja ambako Simba na Yanga hukutana ni zaidi ya kilomita elfu moja. Kwa miaka mingi wazee wa huku waliijua timu yao kwa masikio tu. Redio Tanzania ilitangaza, betri zikiwa zimeanikwa juani tangu asubuhi ili zirudishe nguvu kidogo. Gazeti lilifuata siku kadhaa baadaye, kwa gari moshi mpaka Mpanda, kisha kwa lori, kama barabara ilipitika. Mtu aliweza kumpenda mchezaji miaka kumi bila kuiona sura yake.

Sisi ni watu wa Simba. Hatulifichi jambo hilo, maana bila hilo kisa hiki hakieleweki. Tarehe 5 Novemba 2023 Yanga iliifunga Simba mabao 5 kwa 1, na kesho yake tuliamkia dukani tukiwa na donda bichi. Vijana wa Yanga walikuwa wamekwisha jaa kibarazani. Tulipoona hatuna pa kujifichia, tukashika silaha ya kila aliyeshindwa, yaani zamani. Tukasema kwamba waliotufunga si Yanga hasa, ni watu wa kukodiwa: Aziz Ki wa Burkina Faso, Pacôme Zouzoua wa Ivory Coast, Maxi Nzengeli wa Kongo. Tukaongeza kwamba wote hao wakiwekwa pamoja hawamfikii Abdallah Kibadeni, ambaye tarehe 19 Julai 1977 alifunga mabao 3 peke yake siku Simba ilipoichapa Yanga 6 kwa 0.

Alikuwapo mzee mmoja, mtu wa Yanga tangu ujana wake, mtunza fedha wa kikundi chao, anayekusanya michango ya kulipia king'amuzi. Wazazi wake walitoka Rwanda, na yeye aliletwa Mwese akiwa mtoto mdogo katika miaka ya 1960, nchi hii ya Wabende na Watongwe ilipofunguliwa makazi ya wakimbizi. Mwaka 1980 Serikali ilipowapa uraia maelfu ya watu waliotoka Rwanda, naye alipewa. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole: “Mdogo wangu, kama aliyetoka mbali si wa timu, basi na mimi si wa Mwese.”

Hatukuwa na jibu. Lakini yeye hakuishia hapo. “Na huyo Kibadeni unayemtaja,” akaendelea, “umesema kweli. Siku ile nilikuwa karibu na redio, nikalia. Yanga hatukuwa na mtu wa kumzuia. Katika wote niliowasikia wakitangazwa, sikumsikia aliyenitisha kama yeye.”

Hapo vijana wake walimgeukia. Mmoja alimwita msaliti mbele ya watu. Juma halijaisha wakamnyang'anya daftari la michango, wakisema kwamba anayemsifu adui hawezi kuaminiwa na fedha za kikundi.

Tumelifikiri jambo hili mara nyingi tangu siku ile, na kila tukilifikiri linatuaibisha sisi kuliko vijana wale. Mwaka 1977 sisi tulikuwa wadogo, hata kusoma hatujakomaa. Kibadeni tuliyekuwa tukimwapia hatukumwona wala hatukumsikia. Tulirithi sifa zake kutoka kwa kaka zetu kama mtu arithivyo koti. Tulimtaja kwa sababu alitufaa. Mzee yule alimsikia kwa masikio yake, tena kwa maumivu, naye alimtaja ingawa hakumfaa hata kidogo. Katika baraza lolote la wazee, ushahidi wa mtu unaomdhuru mwenyewe huwa na uzito kuliko ule unaomnufaisha. Basi shahidi wa kweli wa Kibadeni pale dukani alikuwa mtu wa Yanga. Na vijana waliomnyang'anya daftari walimnyang'anya mtu pekee ambaye walikuwa wamekwisha kuona, mchana kweupe, kwamba hasemi uongo hata uongo ukiwa na faida kwake.

Tuje kwenye ulinganishaji wenyewe. Yupo mtu atakayesema kwamba yote haya ni kelele, kwa kuwa mchezaji wa 1977 na wa 2023 hawalinganishiki. Ana haki kiasi. Kibadeni alicheza katika soka la ridhaa. Alikabili walinzi ambao walipobanwa waliweza kumrudishia golikipa mpira kwa mguu naye akaudaka kwa mikono, jambo lililokatazwa mwaka 1992. Aziz Ki, aliyefunga mabao 21 katika ligi ya msimu wa 2023/24, alicheza kwa mkataba na mshahara, akipimwa na picha za televisheni kutoka kila pembe. Mbwana Samatta amefika mbali kuliko wote hao: ubingwa wa Afrika akiwa na TP Mazembe mwaka 2015, kisha bao katika Ligi Kuu ya Uingereza mwaka 2020 akiwa na Aston Villa. Lakini njia aliyopita Samatta haikuwa wazi mbele ya Kibadeni, na hatuwezi kumhukumu mtu kwa kutopita mlango ambao haujajengwa.

Wapo wanaodhani kwamba hesabu ingetuokoa. Wanafunzi wetu wanaopenda mpira wa kikapu, mchezo ambao Watanzania waliusikia kwa fahari mwaka 2009 Hasheem Thabeet alipochaguliwa wa pili katika uteuzi wa ligi ya kulipwa ya Marekani, hutuambia kwamba huko kila kitu huandikwa. Ni kweli huandikwa. Kareem Abdul-Jabbar aliacha kucheza mwaka 1989 akiwa na pointi 38,387, na tarehe 7 Februari 2023 LeBron James akaipita hesabu hiyo. Je, ubishi ulikwisha? Haukwisha. Mstari wa pointi 3 uliingizwa katika ligi ile mwaka 1979, Abdul-Jabbar akiwa amekwisha cheza misimu 10, na katika maisha yake yote alifunga mtupo mmoja tu wa namna hiyo. James amefunga zaidi ya 2,000. Namba ni zile zile, kipimo kimebadilika. Na tarehe 2 Machi 1962, Wilt Chamberlain alipofunga pointi 100 katika mchezo mmoja, hapakuwa na picha ya televisheni. Taifa tajiri kama lile, kwa siku kubwa kama ile, limebaki likiwategemea waliokuwapo na waliosikia, kama sisi wa Mwese na redio zetu.

Hatusemi basi kwamba tuache kulinganisha. Kijana asiyelinganisha hatajua ubora ni nini. Twasema kwamba mchezaji apimwe kwa mzigo aliotwishwa na wakati wake, na kwamba mwenye kupima awe tayari kuumia. Mtu ambaye kila akilinganisha jibu huwa la timu yake, huyo hajalinganisha, ameimba tu. Kuimba si kosa, ila kusiitwe jina lingine.

Limebaki swali zito zaidi, nalo ni la uaminifu. Tunapenda nini tunapoipenda timu? Yanga ilianza mwaka 1935. Simba ilizaliwa mwaka uliofuata, ikaitwa Sunderland kwa miaka mingi mpaka ilipopewa jina la Simba mwaka 1971. Jina limebadilika, wachezaji wamebadilika wote, na makocha na viongozi vivyo hivyo. Wengi wa waliolia mwaka 1968, Yanga iliposhinda 5 kwa 0, wamekwisha zikwa. Hata hivyo Novemba 2023 sisi tuliumia kama waliofungwa ni sisi. Kilichobaki ni nini? Tukitafuta kwa makini hatuoni kitu ila masimulizi: baba kumwambia mwana, kaka kumwambia mdogo wake, mtangazaji kuwaambia watu wasioona. Timu ni kile kinachosimuliwa na wanaoipenda. Na ikiwa ndivyo, mshabiki asemaye uongo juu ya zamani hamdhuru mtani wake peke yake. Anatia mchwa katika nguzo ya nyumba yake mwenyewe. Ushindi wa 6 kwa 0 una thamani gani ikiwa Yanga ya siku ile tunaisimulia kuwa haikuwa kitu?

Tumetaja neno mtani, na si kwa bahati kwamba Simba na Yanga huitwa watani wa jadi. Utani ni mali ya zamani sana katika nchi hii. Mnyamwezi na Mzaramo walitaniana kabla mpira haujafika pwani. Mtani aliruhusiwa kukutukana hadharani nawe usikasirike, lakini ruhusa hiyo ilikuwa na deni lake: siku ya msiba mtani alikuja kushika kazi, na dhihaka zake pale matangani zilikubalika kwa sababu alikuwa mtu wa karibu anayekufahamu. Tumeuchukua utani tukaupeleka uwanjani, ila tumeibeba nusu yake. Matusi tumeyabeba vizuri sana. Deni tumeliacha njiani.

Msomaji aweza kutujibu kwamba ushabiki ni furaha, na kwamba ukiuweka katika mizani ya mahakama utaukausha. Jibu hilo lina nguvu. Hatutaki mtu akae uwanjani dakika 90 akipima kama karani. Apige kelele, amlaumu mwamuzi, aape kwamba mpira uliovuka mstari haukuvuka. Lakini mchezo una kipenga cha mwisho. Baada ya kipenga hicho wanaotusikiliza ni watoto, na watoto hawajui kutenga kelele na habari. Wale waliomwita mzee wao msaliti walijifunza wapi? Tunahofu kwamba baadhi yao walijifunza kwetu, pale pale dukani, kwa kutusikiliza miaka yote tukigawa sifa kwa upande mmoja tu.

Daftari la michango halijarudishwa mpaka sasa, na mtunzaji wa pili amekwisha badilishwa. Mzee bado huja dukani Jumapili. Hivi karibuni alitukuta peke yetu, akaagiza chai mbili, akasema kwamba yeye alikwisha toa ushahidi wake juu ya mtu wa kwetu na anangojea wetu juu ya mtu wa kwao. Tulijaribu kucheka, yeye hakucheka. Tukatazama barabara, tukazungumza kidogo habari za mvua. Mwishowe tukalitaja jina la Aziz Ki, ambaye mwaka 2025 aliihama Yanga akaenda Wydad ya Morocco, tukakiri kwamba kila alipousogelea mpira tulikuwa tukishika ukingo wa benchi. Chai ilikuwa imekwisha poa.