Je, Laana ya Wazee Yawafunga Wajukuu?

Liko swali ambalo kila mwenye kuitafuta kweli hana budi kujiuliza: watu wa kale wakiwalaani wenzao kwa sababu ya itikadi, je, laana hiyo yawafunga na wajukuu? Na wajukuu wakiiondoa, je, wamewafanya wazee wao kuwa waongo?

Swali hili si la Ulaya peke yake. Siku ya Jumapili, huko Temeke na Kinondoni, majirani wa nyumba moja huagana mlangoni, huyu akienda kwa Walutheri na yule kwa Wakatoliki. Wamisionari wa Kiprotestanti kutoka Berlin walianza kazi Dar es Salaam mwaka 1887, na Wabenediktini, nao kutoka Ujerumani, wakaanza Pugu mwaka 1888. Hivyo wenyeji wa pwani walirithishwa ugomvi ambao babu zao hawakuujua.

Asili yake ni hii. Martin Luther alifundisha kwamba mwanadamu huhesabiwa haki mbele ya Mungu kwa imani tu, wala si kwa matendo yake. Papa Leo wa 10 alimtenga na Kanisa mwaka 1521. Mwaka 1547 Mtaguso wa Trento ulitoa kanuni 33 juu ya jambo hilo, ukimlaani kila asemaye kinyume. Walutheri nao, katika maungamo yao, waliyahukumu mafundisho ya Roma.

Mnamo Juni 1977 Shirikisho la Makanisa ya Kilutheri Duniani lilifanya mkutano wake mkuu papa hapa Dar es Salaam, na Askofu Josiah Kibira wa Bukoba akachaguliwa kuwa rais wake, Mwafrika wa kwanza. Mkutano huo uliunga mkono wazo la umoja usiofuta tofauti, bali unaozipatanisha. Kisha, tarehe 31 Oktoba 1999, Shirikisho hilo na Kanisa Katoliki walitia sahihi mjini Augsburg Tamko la Pamoja juu ya kuhesabiwa haki. Walikiri pamoja kwamba Mungu humpokea mtu kwa neema tu, si kwa stahili yake, na kwamba neema hiyo humfanya upya na kumwita atende mema.

Mtu atauliza: ikiwa fundisho lilistahili laana mwaka 1547, limetakaswaje mwaka 1999? Jibu la Tamko lastahili kuangaliwa sana. Halikusema kwamba wazee walikosea, wala kwamba maonyo yao hayana maana tena. Lilisema kwamba laana zile haziyapati mafundisho ya upande wa pili kama yanavyoelezwa sasa. Ni dhahiri kwamba hukumu hufuata kosa. Hakimu hawezi kumfunga mtoto kwa maneno ambayo mtoto mwenyewe hayasemi.

Hata hivyo kazi haijaisha. Mume Mlutheri na mke Mkatoliki bado hutengana panapofika Meza ya Bwana. Laana imeondolewa, lakini meza zingali mbili, na watoto wao huuliza sababu.

Sisi Waislamu tusiwacheke. Mtume Muhammad (s.a.w.) alionya kwamba mtu akimwita nduguye kafiri, neno hilo humrudia mmoja wao. Pamoja na onyo hilo, ni mara ngapi fatwa za ukafiri zimetolewa kabla mshtakiwa hajasikilizwa?

Basi, kabla hujamhukumu mtu kwa imani yake, ieleze imani hiyo mbele yake mpaka yeye mwenyewe aseme, "Naam, hivyo ndivyo niaminivyo." Ukishindwa kufika hapo, bado hujamjua, na hukumu yako yampata mtu mwingine aliyekwisha kufa zamani. Ukifika hapo na bado mkatofautiana, tofauti hiyo ni ya kweli, nayo yaweza kujadiliwa bila matusi.

Mwenyezi Mungu atujalie masikio ya kusikia kabla ya ndimi za kuhukumu. Amin.