Je, Kuchunguza ni Kumdhania Nduguyo Ubaya?

Wengi wetu hapa pwani tuna jamaa Nairobi, upande wa mashariki ya mji: Pumwani, Majengo, Eastleigh, Kariokor. Huko ndiko alikotoka bibi mmoja aliyetujia na swali: "Mimi sikuiba wala sikusema uwongo. Je, nina dhambi?"

Habari yake ni ya miaka ya 2006 na 2007, Kenya ilipojaa vyama vilivyoahidi kuzidisha fedha za watu kwa muda mchache. Bibi huyu alitia akiba yake, ikamrudia pamoja na faida. Kwa furaha akawaeleza majirani zake, nao wakatia. Kisha siku moja wakakuta afisi imefungwa. Kamati ya serikali iliyochunguza vyama hivyo ilikuta fedha zilizopotea zapita shilingi bilioni 8. Tanzania nako, mwaka 2009, serikali ilikisimamisha chama cha DECI, ambacho kutoa fedha kilikuita kupanda mbegu, na kupokea kilikuita kuvuna.

Katika mambo haya hakuna kinacholimwa wala kinachouzwa. Anayetangulia hulipwa kwa fedha za anayefuata, na wafuasi wakipungua basi hazina ni tupu. Tapeli ajua kwamba hutamwamini yeye. Kwa hivyo humlipa mtu mkweli kwanza, ili autumie ulimi wake. Bibi wetu alikula chambo, na papo hapo akawa yeye ndiye chambo cha wengine.

Wako wasemao: "Tungelichunguza vipi, na hali dini yatutaka tumdhanie Muislamu kheri?" Ndugu msomaji, hapa ndipo pa kukaa kitako. Dhana njema ni kazi ya moyo, walakini mali ina adabu yake. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, yahusu kuandika deni na kuweka mashahidi, na wanaoambiwa hayo ni walioamini. Na Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni penye lundo la chakula hakutosheka na kulitazama juu. Alitia mkono wake ndani, vidole vikakuta umaji, akamlaumu muuzaji kwa kuuficha. Hatukusikia mtu akisema kuwa kule kutia mkono kulikuwa dhana mbaya. Sisi twaona haya kumwuliza mtu wa msikiti mmoja nasi, "Faida hii yatoka wapi?" Haya hiyo si adabu, ni woga tu.

Siku hizi udanganyifu waja kwa simu. Hufika ujumbe kuwa umepokea fedha za M-Pesa, na mara mtu hukupigia akilia kuwa amekosea nambari, mtoto wake yu hospitali, umrudishie upesi. Kutia mkono hapo ni kutazama salio lako, wala si ule ujumbe. Na kama fedha zimeingia kweli, mwambie aupeleke ujumbe wake kwa 456, kampuni ilishughulikie jambo hilo. Mwenye haki hakatai njia hiyo. Na akikuharakisha zaidi, hiyo ndiyo ishara yake.

Turudi kwa bibi wetu. Uwongo hakusema, kwani alieleza aliloliamini. Lakini alishuhudia asilolijua: aliona fedha zatoka, asione zatoka wapi. Tukamwuliza, ile faida yako ilikuwa ya nani? Akajibu, "Ya chama." Tukamwambia chama hakikuwa na chake, na huenda ilikuwa ya yule jirani mliyetengwa naye kwa ukuta mmoja.

Wako watakaosema kuwa alikula kwa kutojua, basi hadaiwi. Sisi hatuoni hivyo. Kutojua huondoa dhambi, wala hakuondoi haki ya mwenye mali. Alichopokea kilizidi mtaji wake kwa shilingi elfu 12, nazo alizitumia zamani. Alikaa kimya kitambo, kisha akauliza kama aweza kulipa kidogo kidogo, kwani wawili katika majirani wale wamekwisha kufa, na watoto wao wangali Majengo.

Tukamwambia aanze na watoto hao.