Kabila Halishiki Patasi

Aingiaye Mathaf, jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa ya Kiarabu lililofunguliwa mwaka 2010 huko Al Rayyan, Doha, hukuta mlangoni neno moja, Kiarabu, na ndani majina mengi. Farid Belkahia wa Moroko alichora juu ya ngozi kwa hina. Dia Azzawi wa Iraki alichota katika ustaarabu wa kale wa nchi yake. Neno la mlangoni huwakusanya bila kuwameza.

Tukivuka bahari kurudi kwetu, mambo hugeuka. Kinyago cha mpingo kinapouzwa, mara nyingi kibandiko chake husema “Kimakonde”, basi. Je, ni haki kabila litajwe na mtu asahauliwe?

Hata hilo “Kimakonde” si kitu kimoja. Wamakonde wa Mueda, Msumbiji, wanajulikana kwa mapiko, vinyago vinavyovaliwa kichwani kama kofia. Ndugu zao wa ng’ambo ya Ruvuma, upande wa Newala, wamejulikana zaidi kwa vinyago vya kufunika uso. Kabila moja, mto mmoja, mikono miwili. Ama mtindo wa “shetani”, wenye viungo vilivyopindwa na macho yaliyotoka, haukurithiwa kwa mababu. Ulizuka Dar es Salaam katika miaka ya 1950, na mwanzilishi wake hutajwa kuwa Samaki Likankoa. Kuuita mtindo huo mila ya kabila ni kumnyang’anya mtu ubunifu wake na kuwagawia wahenga ambao hawakuudai.

Yuko atakayepinga: kutaja mtu mmoja mmoja ni desturi ya kigeni, kwetu sanaa ni mali ya wote. Hoja hii ina uzito, kwa kuwa lipiko ni la ngoma na la unyago kabla ya kuwa la mchongaji. Lakini tuitazame vizuri. Kijijini mchongaji hujulikana. Watu humwendea yeye, si jirani yake, wakitaka kazi njema. Hakuhitaji kibandiko kwa sababu alikuwa na majirani. Jina lake halikupotea kijijini. Lilipotea njiani, mkononi mwa mnunuzi ambaye kwake kabila lilitosha, kwani kabila halidai bei.

Tusilitupe jina la kabila. Linatuambia mti ulikatwa wapi, ngoma ipi ilichezwa, na nani alimfundisha nani. Lakini likibaki peke yake, humfunga pia aliye hai: kijana Mmakonde akichonga kwa namna mpya huambiwa amepotoka, na Mzaramo akichonga “shetani” huambiwa ameiba. Haki, basi, inataka tutaje yote mawili, chimbuko na mkono. Kabila lina kumbukumbu, nayo ni hazina. Lakini halijapata kushika patasi.