Picha Iliyokatwa na Amana ya Mwalimu

Picha iliyochapwa katika kitabu cha shule hubaki na kingo zilezile kwa kila anayekifungua, na mwalimu aliyeichagua anaweza kuhakikisha, kabla kitabu hakijaenda mitamboni, kwamba kilichomo ndani ya kingo hizo ndicho alichotaka mwanafunzi akione. Picha iliyowekwa katika kozi ya mtandaoni haina uthabiti huo. Tangu mwaka 2010, pale msanifu wa tovuti wa Marekani, Ethan Marcotte, alipoeleza mbinu ya kutengeneza kurasa zinazojirekebisha, yaani kurasa ambazo safu za maandishi na picha zake hupanuka au kusinyaa kulingana na upana wa skrini, imekuwa kawaida kwa somo lilelile kuonekana kwa umbo moja kwenye kompyuta ya mezani na kwa umbo jingine kabisa kwenye simu. Mbinu hiyo ni neema ya kweli, kwa kuwa imemwezesha mtu asiye na chombo kingine isipokuwa simu ya mkononi kusoma kozi ileile anayosoma mwenye kompyuta. Hata hivyo, maandishi yakibanwa hushuka mstari wa chini bila kupoteza neno, ilhali picha haina pa kushukia: ama ipunguzwe yote kwa pamoja, ama ikatwe pembeni ili sehemu inayobaki iendelee kuonekana vizuri. Uchaguzi huo hudhaniwa kuwa shughuli ya fundi peke yake, lakini ndani yake mna swali zito la maadili. Ikiwa programu imeikata picha pasipo mtu yeyote kukusudia, na mwanafunzi akajifunza kutokana nayo jambo lisilo kweli, je, kuna aliyesema uongo, na kama hayupo, ni nani anayepaswa kuulizwa?

Kupunguza ndiko kunakoonekana kuwa salama, kwa sababu hakuna kinachoondolewa. Usalama huo una mipaka, na mfano mzuri ni ramani za vipimo vya 1:50,000 ambazo wanafunzi wa sekondari wa Kenya na Tanzania huzitumia katika somo la jiografia. Kwenye karatasi, sentimita 2 za ramani hiyo ni kilomita 1 ya ardhi, kwa hiyo kipande chenye upana wa sentimita 18 huonyesha kilomita 9. Kipande hichohicho kikiwekwa katika somo la mtandaoni na kusinyaa hadi sentimita 6 kwenye simu, sentimita 2 sasa zinabeba kilomita 3, na kipimo halisi kimekuwa 1:150,000, huku maandishi yaliyo chini ya ramani yakiendelea kutangaza 1:50,000. Mwanafunzi anayepima kwa rula juu ya kioo cha simu yake atapata umbali ulio theluthi moja ya ule wa kweli, ingawa hakuna hata mto mmoja uliofutwa. Kipimo cha mstari, yaani kile kijistari kilichogawanywa kwa kilomita, hakidanganyi, kwa kuwa chenyewe husinyaa sambamba na ramani, na ndiyo sababu picha za hadubini nazo zinafaa kuwekewa mstari wa namna hiyo badala ya kuandikiwa kwamba zimekuzwa mara 400. Inafuata kwamba ukamilifu wa picha hautoshi kuifanya iwe ya kweli. Ni lazima pia kile kinachosemwa kuihusu kiweze kusafiri pamoja nayo.

Kukata kuna hatari zaidi, na hesabu yake inastahili kujulikana na kila anayeandaa somo. Picha pana yenye uwiano wa 16 kwa 9, uliozoeleka katika video na slaidi, ikilazimishwa kujaza fremu ya mraba bila kupotoshwa umbo, hubaki na asilimia 56 tu ya upana wake. Ikilazimishwa kujaza skrini ya simu iliyosimama, yenye uwiano wa 9 kwa 16, hubaki na takriban asilimia 32, maana yake zaidi ya theluthi mbili ya picha haionekani tena. Swali linalofuata ni sehemu ipi inayobaki, na jibu la kivinjari, kama hakikuelekezwa vingine, ni kwamba katikati ndiko kunakobaki. Agizo hilo dogo limebeba dai kubwa kuhusu ulimwengu, nalo ni kwamba maana hukaa katikati na pembeni ni ziada. Katika picha nyingi dai hilo si kweli. Picha ya watu wawili wanaozungumza, mmoja kulia na mwingine kushoto, ikikatwa hivyo humwachia mwanafunzi ukuta mtupu uliokuwa kati yao. Grafu hupoteza mhimili wake wa wima pamoja na namba zinazoupa mchoro maana. Ramani ya Tanzania huweza kubaki na bara pekee, Unguja na Pemba zikiwa zimeachwa nje ya fremu.

Mtakatifu Augustino wa Hippo, katika kitabu chake kuhusu uongo alichokiandika karibu mwaka 395, aliuweka uzito wa dhambi hiyo katika nia: mwongo ni yule anayetamka kinyume cha anachoamini akiwa na kusudi la kudanganya, na anayekosea kwa kuamini asichokijua sawasawa si mwongo. Tofauti hiyo imewasaidia wanafalsafa kwa karne nyingi, na haifai kutupwa. Hata hivyo, mbele ya picha iliyokatwa inaacha pengo, kwa sababu inaeleza vizuri hali ya msemaji na kusema kidogo sana kuhusu haki ya msikilizaji. Januari 2020, mwanaharakati wa tabianchi kutoka Uganda, Vanessa Nakate, alipigwa picha huko Davos, Uswisi, akiwa na wanaharakati wenzake wanne wa Ulaya, miongoni mwao Greta Thunberg. Picha iliyosambazwa na shirika la habari la Associated Press iliwaonyesha wale wanne peke yao. Shirika lilieleza kwamba mpigapicha alikata kwa sababu za mpangilio, kwa kuwa jengo lililokuwa nyuma ya Nakate lilivuruga mandhari, na baadaye likaomba radhi. Hata maelezo hayo yakikubaliwa yote, na nia mbaya ikiondolewa kabisa, bado msomaji wa dunia nzima alikuwa amepewa picha ya mapambano ya tabianchi isiyo na Mwafrika ndani yake, na bado mwanamke aliyekuwepo alikuwa amefanywa kana kwamba hakuwepo. Dhuluma ilitendeka ilhali mkono ulioitenda ulikuwa ukitafuta uzuri.

Programu ya kompyuta haina hata utafutaji huo wa uzuri. Mtandao wa Twitter ulianza mwaka 2018 kutumia mfumo uliokadiria sehemu ya picha ambayo jicho la binadamu lingevutwa nayo kwanza, kisha ukakata kuizunguka sehemu hiyo. Watumiaji walipolalamika mwaka 2020 kwamba nyuso za watu weupe zilikuwa zikipendelewa, kampuni ilifanya uchunguzi wake na kutangaza mwaka 2021 kwamba mfumo ulitofautiana na usawa kwa asilimia 4 kwa faida ya watu weupe na asilimia 8 kwa faida ya wanawake. La kuzingatiwa kuliko tarakimu hizo ni uamuzi uliofuata: kampuni ilikiri kwamba namna ya kukata picha ni jambo linalofaa kuamuliwa na watu, ikaanza kuonyesha picha nzima kwenye simu. Kwa mwalimu somo hilo lina uzito wa pekee, kwa sababu kinachovuta jicho na kinachofundisha mara nyingi si kitu kimoja. Katika picha ya shamba lenye mmomonyoko wa udongo, jicho humkimbilia mkulima, wakati somo limo katika korongo lililo chini ya miguu yake.

Kuna pingamizi lenye nguvu linalostahili kujibiwa. Mtu anaweza kusema kwamba picha nzima haijawahi kuwepo, kwa kuwa mpigapicha mwenyewe, alipoelekeza kamera upande mmoja, alikwisha kuukata ulimwengu. Leon Battista Alberti, aliyeandika kuhusu uchoraji mwaka 1435, aliifananisha picha na dirisha lililo wazi, na dirisha halionyeshi yote yaliyo nje. Ikiwa kila picha ni kipande, kwa nini kipande kidogo zaidi kilaumiwe?

Jibu lililokamilika kuliko mengine limehifadhiwa katika elimu ambayo watoto wa Pwani ya Afrika Mashariki huanza kuionja madrasani, nayo ni tajwidi, yaani kanuni za usomaji sahihi wa Qurani Tukufu. Tawi lake moja linahusu waqfu na ibtidai, maana yake kusimama na kuanza, na wanazuoni kama Abu Amr al-Dani wa Andalusia, aliyefariki mwaka 1053, na Ibn al-Jazari, aliyefariki mwaka 1429, walilichambua kwa kina. Elimu hiyo inaanza kwa kukubali udhaifu wa mwanadamu: hakuna awezaye kusoma sura ndefu kwa pumzi moja, kwa hiyo kusimama si kosa. Kosa ni kusimama pasipostahili. Aya ya 43 ya Sura An-Nisaa inawakataza waumini kuikaribia sala wakiwa wamelewa. Msomaji anayesimama baada ya kuitaja sala na kabla ya kuutaja ulevi hakuongeza herufi wala hakubadilisha irabu, lakini msikilizaji amesikia katazo la sala yenyewe. Wanazuoni waliita kusimama huko qabih, maana yake kubaya, wakikutofautisha na vituo ambavyo maana yake imetimia. Thamani kubwa ya mtazamo huu ni kwamba kipimo chake ni maana inayomfikia msikilizaji, na kwa hiyo kutokuwa na nia mbaya, ingawa humwondolea msomaji dhambi, hakumwondolei wajibu wa kusahihisha.

Zaidi ya hapo, elimu hiyo imelifikiria hata suala la dharura. Pumzi ikimwishia msomaji, au kikohozi kikimshika, anaruhusiwa kusimama popote, lakini hapaswi kuendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Hurudi nyuma hadi mahali panapofaa, akaanza tena ili maana iungane. Wembamba wa skrini ya simu ni dharura ya namna hiyohiyo, na mwalimu anayeichukua kanuni hiyo kwa dhati anajua la kufanya. Atasimama mahali pa kusimama, kwa kuichagua yeye mwenyewe sehemu inayobeba somo na kuiagiza programu iilinde, au kwa kuandaa vipande tofauti kwa skrini tofauti, jambo ambalo lugha ya HTML imeliruhusu kwa miaka mingi. Pale ambapo maana imetawanyika hadi kingoni, kama katika ramani, grafu na michoro yenye majina ya viungo, hatakata kabisa. Na pale alipolazimika kukata, atampa mwanafunzi njia ya kurudi, kwa kuiwezesha picha nzima ifunguke inapoguswa. Atakumbuka pia maandishi mbadala, yaani maelezo yanayosomwa kwa sauti kwa ajili ya mwanafunzi asiyeona: yakitaja watu watano wakati skrini inaonyesha wanne, asiyeona ndiye atakayekuwa amepokea ushahidi ulio kamili kuliko mwenzake anayeona.

Tajwidi ina upande wa pili ambao mjadala wa picha huusahau kwa urahisi. Upo waqfu laazim, kusimama kwa lazima, unaowekewa alama ya herufi mim katika misahafu mingi, mahali ambapo kuendelea ndiko kunakoharibu maana. Picha nazo zina mahali pa namna hiyo. Katika kozi ya wauguzi, picha ya kidonda cha mgonjwa inahitaji kidonda na wala haihitaji uso wake, na aliyekubali mwili wake utumike kufundishia hakukubali kwa hilo kutambuliwa na kila mwenye intaneti. Hapa kukata ni sitara, na kuwarudishia wanafunzi picha nzima kungekuwa uvunjaji wa amana. Lakini ni hapa pia ambapo mbinu ya kurasa zinazojirekebisha haiwezi kuaminiwa hata kidogo, kwa sababu ukataji unaofanywa na kivinjari huficha tu bila kuondoa: faili zima hushuka kwenye chombo cha mwanafunzi, na uso uliofichika kwenye simu nyembamba huweza kujitokeza wote pale somo hilohilo linapofunguliwa kwenye skrini pana. Kwa picha za aina hiyo, mwalimu hana budi kuikata nakala yenyewe kabla ya kuipandisha, na kile kilichokatwa kisiwepo kwenye seva ya kozi.